Michezo ya vita vya Warumi: mbona mshindi wetu hupoteza nusu ya jeshi?

Mchezaji wa Sinza

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu katika jambo ambalo limetukwamisha kwa majuma matatu.

Sisi ni watu watano tunaokutana Sinza kila Jumamosi jioni kucheza michezo ya vita. Tulianzia kwenye kompyuta, na kwa miaka mingi tumecheza Rome: Total War, ule wa mwaka 2004, pamoja na mwendelezo wake wa mwaka 2013. Sasa tumeamua kutengeneza mchezo wetu wenyewe wa mezani, wenye ramani ya karatasi ngumu, vipande vya mbao na dadu, nasi tumechagua kuanza na pambano la Pharsalus la mwaka 48 kabla ya Kristo, ambako Julius Caesar alimshinda Mrumi mwenzake, Pompey. Kwa majina ya Kilatini tumefuata desturi ya Agano Jipya la Kiswahili: legioni (jeshi la maelfu kadhaa) inabaki legioni, kohorti (sehemu ya legioni) tunaiita kikosi, na senturioni (mkuu wa kundi dogo la askari) ni akida.

Tatizo letu ni hili. Kila tunapocheza, anayeshinda humaliza akiwa amepoteza theluthi au hata nusu ya jeshi lake. Hali inafanana na ile ya michezo ya kompyuta, ambako askari hurusha mikuki, hugongana na adui, na kabla ya dakika kumi kwisha uwanja umejaa maiti wa pande zote mbili. Lakini Caesar, katika taarifa yake mwenyewe, anasema alipoteza askari 200 na maakida wapatao 30, ilhali upande wa Pompey walikufa watu wapatao 15,000 na wengine zaidi ya 24,000 wakajisalimisha. Tulijaribu kupunguza nguvu ya dadu ili vifo vipungue, pambano likawa halina mwisho. Tulicheza saa tatu na nusu na hakuna safu iliyosogea.

Nauliza mambo mawili. Kwanza, je, hesabu hii ya Caesar ni majigambo ya mshindi, au ni kanuni zetu zilizo na kasoro? Pili, tunasoma kwamba safu ya mbele ya Warumi ilipochoka ilipishana na safu ya nyuma yake. Hilo liliwezekanaje huku adui amesimama hatua mbili mbele ya uso wako?

Mwalimu wa Historia, Temeke

Ndugu yangu wa Sinza, nimefurahi kuona swali hili, kwa sababu hasara ndogo ya mshindi ndiyo inayotufungulia mapigano yote ya zama hizo. Kasoro iko katika msingi wa kanuni zenu: zinahesabu vifo ili kumpata mshindi, ilhali uwanjani mshindi alipatikana kwanza na vifo vikafuata.

Mfikirie askari wa Caesar akiwa amesimama katika safu. Ana ngao inayomfunika kutoka begani hadi gotini, kofia ya chuma kichwani, fulana ya pete za chuma mwilini, na wenzake kulia na kushoto. Anayemkabili naye yuko hivyohivyo, hasa siku ile ambayo Warumi walipigana na Warumi. Watu wawili wa namna hiyo hawauani upesi, kwa kuwa kila mmoja anataka kurudi nyumbani, na anayejitupa mbele peke yake hupigwa na watatu. Vifo vingi huja pale mmoja anapogeuza mgongo, maana ngao haiko tena kati yake na adui, na akitaka kukimbia vizuri huitupa kabisa. Ndiyo sababu hesabu za pande mbili hutofautiana mno. Huko Cynoscephalae mwaka 197 KK walikufa Wamakedonia wapatao 8,000 na Warumi wapatao 700, na katika hao 8,000 wamo walioinua mikuki yao mirefu juu, ishara ya kujisalimisha ambayo Warumi hawakuifahamu, wakakatwa wamesimama.

Utaniuliza kuhusu Cannae, mwaka 216 KK, ambako Hannibal, jemadari wa Karthago, aliwashinda Warumi. Livy, mwanahistoria wa Kirumi, anahesabu Warumi na washirika wao waliouawa kuwa askari wa miguu 45,500 na wapanda farasi 2,700. Polybius, mwanahistoria wa Kigiriki, anapeleka idadi hiyo hadi karibu 70,000. Ukitaka kuiona hesabu ya Livy kwa macho, ufikirie Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya Simba na Yanga, watu 60,000 wamekaa, kisha uondoe wanne katika kila watano. Hata hivyo, pambano hilo halikanushi nililosema, bali linalithibitisha. Hannibal aliwafungia Warumi njia zote za kukimbilia, wakasongamana hadi waliokuwa katikati hawakuweza kuinua mkono, na watu wasio na pa kukimbilia waliendelea kupigana. Kwa hiyo hata yeye alilipa: Polybius anataja watu wake 5,700 waliokufa. Basi katika kanuni zenu, anayemwachia adui mlango wa kutokea apoteze watu wachache, na anayeufunga aue wengi zaidi lakini agharimike.

Sasa nije kwenye muda, ambao kwangu ndio kosa kubwa zaidi la michezo ya kompyuta. Vegetius, Mrumi aliyeandika kuhusu vita karne nyingi baadaye, anasema pambano kubwa huamuliwa kwa saa mbili au tatu. Mwaka 49 KK huko Ilerda, Hispania, Caesar anaeleza kwamba watu wake walipigana mfululizo kwa saa tano, na baada ya saa hizo, walipokwisha kurusha kila walichokuwa nacho, ndipo wakachomoa panga na kupanda kilima kuwavamia adui. Tafadhali isome tena sentensi hiyo, ndugu yangu. Saa tano za mikuki, na panga mwishoni! Katika michezo tunayoijua, mikuki hurushwa mara moja au mbili kama desturi ya kufungua sherehe, kisha watu hukatana bila kupumua hadi mwisho.

Mwili wa binadamu haukubali jambo hilo. Bondia aliyejifua kwa miezi hupigana dakika tatu, kisha hupewa dakika moja ya kukaa, naye hakubeba ngao wala chuma. Askari wa legioni hakuwa na mwili wa aina nyingine. Wanahistoria wengi wa siku hizi wanaona kwamba pambano lilikwenda kwa mawimbi: watu husogea, hurusha, hugongana kwa muda mfupi, kisha pande zote hurudi nyuma hatua kadhaa, hupumua, hutukanana, huwavuta majeruhi, hadi akida mmoja au kundi la mashujaa litakapowashawishi wengine kusogea tena.

Ukikubali mawimbi hayo, swali lako la pili linajijibu. Safu hazikupishana katikati ya mapanga. Zilipishana katika vituo vya kupumua. Legioni anayoieleza Polybius ilikuwa na watu 4,200 wa miguu: velite 1,200 wenye silaha nyepesi, hastati 1,200 mbele, prinsipe 1,200 nyuma yao, na triari 600 wa mwisho, watu wazima waliosubiri wamepiga goti moja. Manipuli zao, yaani makundi madogo ya askari ndani ya legioni, zilipangwa kwa kuacha nafasi kati ya moja na nyingine, na zile za nyuma zikikabili nafasi hizo. Jinsi nafasi hizo zilivyofungwa wakati wa kugongana bado kunabishaniwa, lakini faida yake inaeleweka. Jemadari alikuwa na watu ambao miguu yao bado ilikuwa mipya saa mbili baada ya pambano kuanza, na Warumi walikuwa na msemo wa kueleza hali mbaya, kwamba mambo yamefikia triari.

Ushauri wangu wa kanuni ni kwamba kila kipande kiwe na alama za ari na za uchovu, na kisiwe na alama za vifo kabisa. Dadu ishushe ari. Kikosi kikivunjika, hapo ndipo mhesabu maiti, kwa kuangalia kama adui ana wapanda farasi wa kukimbiza na kama kuna kilima au kambi ya kukimbilia.

Kigamboni Mashariki

Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana na hoja ya ari, lakini naona umempitisha Caesar bila kumkagua. Mtu aliyekuwa akiandika ili kuitetea nafsi yake mbele ya Roma nzima hawezi kuwa shahidi pekee wa hasara zake. Asinius Pollio, ambaye alikuwapo Pharsalus upande uleule wa Caesar, alitaja askari 6,000 waliouawa upande wa Pompey, wala si 15,000. Kama idadi moja imekuzwa zaidi ya mara mbili, kwa nini tuamini kwamba ile nyingine haikupunguzwa?

Mwalimu wa Historia, Temeke

Marahaba. Hoja yako ni ya haki, nami ningemshauri ndugu wa Sinza atumie 6,000 ya Pollio. Lakini zidisha hasara za Caesar hata mara tano, bado unapata watu wapatao 1,150 katika jeshi la 22,000, yaani mmoja katika kila 19. Mchezo unaomwacha mshindi na nusu ya jeshi bado uko mbali sana na hapo.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hiyo ambalo majigambo yasingelitunga. Waliokufa ni 230, na 30 kati yao ni maakida. Kwa kawaida akida mmoja aliongoza watu wapatao 80, kwa hiyo kama kifo kingegawanywa sawasawa tungetarajia maakida watatu hivi. Walikufa mara kumi zaidi. Vivyo hivyo Gergovia, mwaka 52 KK, ambako Caesar anakiri kupoteza maakida 46 na askari karibu 700. Hao ndio waliokuwa wakianzisha kila wimbi kwa kutangulia mbele.

Mchapaji wa Kariakoo

Kabla hamjachapa vipande, naomba mzingatie michoro. Askari wa Caesar asivalishwe zile bamba za chuma zilizofungwa kwa mikanda ambazo kila mchezo na kila picha humvisha Mrumi. Vazi hilo ni la zama za wafalme wakuu, hasa karne ya kwanza baada ya Kristo. Mwaka 48 KK ni fulana za pete. Mchezo ule wa 2004 ulifanya kosa kubwa zaidi la aina hii, ukawachora Wamisri kama watu wa zama za Farao katika karne ambazo Misri ilitawaliwa na ukoo wa Ptolemy, wenye asili ya Makedonia na majeshi ya namna ya Kigiriki. Watoto wetu hujifunza historia kwa macho kabla ya kuisoma, na picha ikishaingia haitoki.

Msomaji wa Mwenge

Nimesoma majibu yote, nami naona Mwalimu amegusa nusu ya jambo. Ari na uchovu vinaweza kuandikwa katika kanuni. Mchezo wa Field of Glory II wa mwaka 2017 unafanya hivyo kwa uangalifu, maana ndani yake kikosi hakifi kidogokidogo tu, bali huvurugika, kisha humeguka, kisha hukimbia. Nusu iliyobaki ni ngumu zaidi, nayo ni jicho la mchezaji.

Katika karibu michezo yote, anayecheza huelea juu ya uwanja. Anaona kila kikosi, anajua idadi kamili, anasimamisha muda, anabonyeza na askari 500 wanageuka papo hapo. Hakuna jemadari wa Kirumi aliyewahi kuwa na uwezo huo. Mwaka 57 KK, kwenye mto ambao Caesar anauita Sabis, Wanervii, kabila la Gaul (Ufaransa ya leo na jirani zake), walipowavamia Warumi wakiwa wanajenga kambi, Caesar ilimbidi aende kwa miguu yake kutoka legioni moja hadi nyingine, na alipofika kwenye Legioni ya 12 na kukuta maakida wengi wameanguka, alichukua ngao ya askari wa safu za nyuma, akaenda mbele, akawaita maakida kwa majina na kuagiza safu zitanuliwe ili watu wapate nafasi ya kutumia panga. Jeshi lake lilinusurika siku hiyo kwa sababu askari walijua la kufanya bila kuambiwa.

Mfano mzuri kuliko wote uko katika Pharsalus yenyewe. Pompey aliwaagiza watu wake wasimame wasisogee, akitumaini kwamba wa Caesar, wakikimbia umbali mara mbili ya kawaida, wangefika wamechoka na safu zimevurugika. Watu wa Caesar walipoona adui hasogei, walisimama wenyewe katikati ya uwanja, wakapumua, wakapanga safu upya, kisha wakaendelea. Hapakuwa na amri. Ni mchezo gani unaomruhusu askari kufanya uamuzi mzuri kuliko mchezaji? Na kule Cynoscephalae, aliyeamua siku ile ni mkuu mmoja wa chini, ambaye hata jina lake halikuandikwa, aliyechukua manipuli 20 kwa uamuzi wake mwenyewe na kuzigeuza zimpige adui mgongoni. Flamininus, aliyekuwa na amri ya jeshi zima, hakumwagiza.

Dawa ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aitwaye Reisswitz alichapisha kanuni za mchezo ulioitwa Kriegsspiel, ambamo wachezaji hawakugusa vipande. Waliandika amri, wakampa mwamuzi, naye ndiye aliyesogeza vipande kwenye ramani, akiwaonyesha tu kile ambacho mtu wa cheo chao angeweza kukiona. Ninyi mko watano, yaani wachezaji wanne na mwamuzi mmoja, na hamhitaji kununua kitu chochote. Kila upande uwe na jemadari mmoja na msaidizi wa ubavuni, na amri ichukue zamu mbili kufika. Kuhusu ukubwa wa vikosi, msitumie 480 ya vitabuni. Caesar alikuwa na vikosi 80 na watu 22,000, kwa hiyo kila kikosi kilikuwa na wastani wa watu 275. Hawa ni watu waliopigana Gaul miaka mingi na wenzao wakabaki huko.

Mzaliwa wa Iringa, sasa Kawe

Ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba pambano huanza watu wakiwa wamekwisha kujipanga. Michezo nayo hufanya hivyo, na kwangu hilo ndilo linaloiondolea ukweli kuliko idadi ya maiti.

Mimi nakaa jirani na kambi ya Lugalo, na kila nikipita pale nalikumbuka jina hilo lilikotoka. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo ya Iringa, wapiganaji wa Mtwa Mkwawa, wengi wao wakiwa na mikuki, waliuvamia msafara wa kijeshi wa Wajerumani, ulioongozwa na Emil von Zelewski, ukiwa njiani, umejinyoosha katika mstari mrefu, na bunduki na mizinga yake haikupata muda wa kuuokoa. Zelewski aliuawa na sehemu kubwa ya msafara wake ikaangamia. Miaka 16 tu kabla ya siku hiyo, mwaka 1875, Wajerumani walikuwa wamekamilisha karibu na Detmold sanamu kubwa ya Arminius, mtu ambaye mwaka 9 baada ya Kristo aliziangamiza legioni tatu za jemadari wa Kirumi Varus, ya 17, ya 18 na ya 19, zikiwa katika msafara vilevile, katikati ya misitu. Nambari za legioni hizo Roma haikuzitumia tena. Legioni iliyojipanga uwanjani ilikuwa ngumu kuvunjwa, lakini legioni iliyo njiani, yenye baghala na mizigo, ilikuwa kitu kingine kabisa.

Vegetius anataka askari mpya azoeshwe kutembea maili 20 za Kirumi kwa saa tano za siku ya kiangazi, karibu kilomita 30. Ukitoka Posta na kuifuata Barabara ya Morogoro, umbali huo unakupitisha stendi ya Mbezi na bado hujafika Kibaha, tena umebeba mzigo, na ukifika unachimba handaki la kambi kabla ya kula. Kule Trebia, mwaka 218 KK, Warumi walitolewa kambini bila kufungua kinywa, wakavuka mto wa baridi kali uliowafika kifuani, wakawakuta watu wa Hannibal wameshiba na wamejipaka mafuta mbele ya moto. Mchezo unaoanzia mstari ulionyooka umelikosa pambano hilo lote. Naomba kanuni zenu ziwe na ukurasa wa asubuhi: nani amekula, nani ametembea, nani amefika kwanza kwenye kilima.

Mchezaji wa Sinza

Nawashukuru nyote, hasa Mwalimu, kwa kutumia muda wenu. Jumamosi iliyopita tulicheza Pharsalus upya, kwa alama za ari na uchovu, na mmoja wetu akawa mwamuzi nyuma ya pazia, akiwa na ramani kamili peke yake.

Vile vikosi sita ambavyo Caesar aliviondoa katika safu yake ya tatu na kuviweka nyuma ya ubavu wake wa kulia, mwamuzi hakuviweka kwenye ramani ya Pompey, kwa kuwa kutoka mahali alipokuwa amesimama asingeweza kuviona nyuma ya wapanda farasi 1,000. Mwenzetu aliyecheza Pompey alituma wapanda farasi wake 7,000 kama Pompey halisi alivyofanya, na baada ya zamu tatu mwamuzi akamletea karatasi yenye sentensi moja, kwamba wapanda farasi wako wanarudi na hawasimami. Aliuliza mara mbili ni nani aliyewapiga, na mwamuzi akamjibu kwamba mjumbe hajui. Akajaribu kuwageuza askari wa miguu wa ubavuni, lakini amri ilihitaji zamu mbili, na ilipofika, kikosi cha mwisho kilikuwa kimekwisha kuvunjika.

Tulihesabu mwishoni. Caesar alikuwa amepoteza watu 640, Pompey 7,100, na pambano lilichukua saa moja na dakika arobaini. Bado tunabishana kuhusu maakida. Tumeweka kanuni kwamba mchezaji anaweza kumtoa akida ili kuirudisha ari ya kikosi, na wote wawili waliwamaliza maakida wao mapema mno, kwa hiyo tunafikiri kuweka kikomo cha akida mmoja kwa kikosi katika kila wimbi. Mchapaji wa Kariakoo, fulana za pete zimechorwa na nitakutumia mchoro kabla ya kuchapa. Jumamosi ijayo ni Cynoscephalae, na tunahitaji mtu wa sita atakayecheza yule mkuu wa manipuli 20. Mwamuzi amesema mtu huyo akae chumba kingine na asipewe amri yoyote.